Taja Uzito Wako, Mwanangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka saba, mwingine kumi na mmoja. Kwetu ni Kigoma, lakini sasa tunaishi Hamar, Norway, na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Msimu huu wa baridi nilijifunza kuteleza kwa ski pamoja na wanangu, kwenye ile njia yenye taa iliyo karibu na nyumbani. Januari na Februari nilikwenda vizuri kabisa hadi nikaanza kujisifu. Tangu katikati ya Machi mambo yameharibika. Nikitoka asubuhi njia ni barafu tupu, na kila nikipanda kilima ski zinanirudisha nyuma. Nikitoka mchana theluji imejaa maji, ski zinavuta, hazitaki kwenda. Wiki iliyopita nilianguka mbele ya kundi la watoto wa chekechea, wakanipita wakinipungia mkono.

Sasa mwenzangu kazini ametualika familia nzima kwenye kibanda chao cha mlimani, kule Sjusjøen, wiki ya Pasaka. Nimekubali kwa furaha, ila sina ski. Zile nilizojifunzia zilikuwa za kuazima, nimezirudisha. Kila ninayemuuliza ana lake. Kijana wa dukani alinionyesha ski zenye ukanda wa manyoya chini. Mwenzangu anasema ski za Pasaka ni za nta na nitapaka klista. Jirani yangu, mzee mwema sana, anataka kuniuzia kwa bei ya bure ski zake za mlimani zenye kingo za chuma, urefu wake sentimita 210. Mume wangu naye ameona kwenye punguzo ski za mashindano, nyepesi na za kupendeza.

Nina urefu wa sentimita 164. Kijana wa dukani aliponiuliza uzito niliona haya, nikasema kilo 65. Kwako sifichi: ni 78. Nichukue zipi, na watoto niwachukulie zipi?

Mama wa Wawili, Hamar

*

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo uliloliweka mwisho kwa sauti ya chini, maana limebeba karibu jibu lote. Rudi dukani ukataje kilo 78. Tena usiishie hapo. Nyumbani panda mizani ukiwa umevaa nguo za safari, begi likiwa mgongoni na chupa ya chai, mikate na nguo za akiba za watoto. Namba itakayotoka, huenda ikafika 85, ndiyo umpelekee yule kijana.

Najua haya hiyo inatoka wapi. Kwetu mtu mzima haulizwi kilo zake mbele za watu. Lakini kijana yule alikuuliza kama fundi cherehani anavyouliza kiuno: bila namba hiyo hawezi kukukatia nguo. Ukilaza ski sakafuni utaona haikai bapa. Katikati imeinuka, ina upinde. Ukisimama kwa miguu miwili, kila ski inabeba nusu yako, na pale chini ya kiatu panabaki pameinuka kidogo juu ya theluji, kwa hiyo unateleza kwa sehemu ya mbele na ya nyuma. Ukijisukuma kwa mguu mmoja, uzito wako wote unaiangukia ski moja, upinde unabonyea, katikati inagusa theluji na kushika. Ni hapo unapopata nguvu ya kwenda mbele au kupanda. Ski ya mtu wa kilo 65 ukiikanyaga wewe, imebonyea muda wote: inavuta hata kwenye mteremko, na kile kinachoshika kinasagika upesi. Ski ya mtu wa kilo 100 haitabonyea hata ukiikanyagia kwa hasira, na kila kilima kitakurudisha chini.

Kipimo chake ni rahisi, na duka lolote linalojua kazi litakufanyia bila kunung'unika. Unasimama juu ya ski zote mbili kwenye sakafu tambarare, wanapitisha kipande cha karatasi chini ya katikati. Ukiwa umegawa uzito sawa, karatasi iteleze mbele na nyuma kwa uhuru. Ukihamia mguu mmoja, karatasi inaswe. Isipoteleza, ski ni laini mno kwako. Isiponaswa, ni ngumu mno. Duka likikataa kukupimia, toka uende jingine.

Sasa tuje kwenye theluji yenyewe, kwa sababu hukukosea ulipoona kwamba imegeuka. Theluji ya Januari ni mpya na baridi, chembe zake bado zina ncha. Ikifika Machi na Aprili, jua la mchana linaiyeyusha juu, maji yanapenya katikati ya chembe, usiku yanaganda tena. Siku nyingi za namna hiyo zinazipoteza zile ncha. Chembe zinakuwa za mviringo, kubwa, zenye kushikana usiku na kuachana mchana. Kwa hiyo siku moja ya Pasaka ina theluji tatu. Asubuhi na mapema ni ngumu, yenye kelele chini ya ski. Saa tatu au nne hivi, jua likishaipiga, tabaka la juu linalegea kidogo tu na chini bado ni imara; hapo ndipo Wanorwei wanapotoka vibandani kwa wingi, nyuso zikiangalia jua. Kuanzia saa saba mchana, hasa kwenye miteremko inayotazama kusini, inakuwa tepetepe, na nje ya njia iliyotengenezwa mguu unazama hadi gotini.

Anayeuliza ski gani inafaa kwa theluji ya machipuko anapaswa kwanza kujua atatoka saa ngapi. Kuna ski inayopenda ile ya asubuhi na kuikataa ya mchana, na kuna iliyo kinyume chake. Hukuniambia ulizoazima zilikuwa za aina gani, lakini zilienda vizuri Januari kisha zikakusaliti kwenye barafu ya asubuhi, na nadhani zilikuwa za magamba: plastiki ya chini, pale katikati, imechongwa vijino vinavyotazama nyuma. Vijino hivyo vinahitaji theluji inayobonyea ili vipate pa kushika. Kwenye barafu havina pa kuuma.

Nipite kwa haraka kwenye zile za mume wako. Mwambie kwa upole, kwa sababu amekuwazia mema: ski nyepesi za mashindano zinazojaa kwenye punguzo la mwisho wa msimu mara nyingi ni za mtindo wa kuteleza kwa kusukuma pembeni, kama watu wa viatu vya magurudumu. Dukani zimeandikwa skøyteski. Zimetengenezwa ziteleze mwanzo hadi mwisho, hazina kabisa sehemu ya kushika. Ukiingia nazo kwenye ile mifereji miwili ya njia ukataka kupanda kwa hatua, hazitakupeleka popote. Na hata zikiwa za mtindo wako wa hatua, ski ya mashindano ni ngumu na inataka mguu uliozoea kukanyaga kwa nguvu na kwa wakati barabara. Mwanafunzi wa msimu mmoja itamchosha bure. Punguzo hilo aliache.

Za mzee jirani zinastahili maneno zaidi, maana ni vifaa vya kweli, ila si vyako. Ski za mlimani ni pana na nzito kuliko za njiani, na zile kingo za chuma ni za kuuma barafu pale ambapo hakuna njia iliyotengenezwa: Hardangervidda, au nyanda za juu kuzunguka Finse, mahali ambapo upepo umeisugua theluji hadi inang'aa. Anayekwenda huko na begi kubwa, alale kwenye vibanda vya njiani, bila kingo za chuma anajitafutia balaa. Wewe unakwenda Sjusjøen, kwenye mamia ya kilomita za njia zinazopitiwa na mashine. Humo kingo za chuma ni mzigo, na ski pana inaweza kusuguana na kuta za mifereji. Zaidi ya hayo, sentimita 210 ni za mtu mrefu kukuzidi kwa kichwa kizima. Kwa ski za mtindo wako, mtu mzima huongeza sentimita 15 hadi 25 juu ya urefu wake, kwa hiyo wewe tafuta kati ya 180 na 190, na ndani ya hapo uzito ndio uamue. Jambo jingine ni viatu. Vifungo vya ski za mlimani kwa kawaida vina mhimili mpana kuliko vya ski za njiani, na kiatu chako cha kawaida hakitaingia. Hata kwenye ski za njiani, vifungo vya kizamani na vya sasa havipatani vyote. Kwa hiyo popote utakapochukua ski, nenda na viatu vyako mkononi uvibane hapo hapo usikie vimenasa. Mzee mpelekee maandazi na umshukuru. Wema wake haukulazimishi kununua.

Zimebaki mbili, na hapa ndipo pana mjadala wa kweli. Katika nchi hii watu hubishana juu yake mezani kwa saa nzima.

Mwenzako anayesema klista hasemi uongo. Nta ngumu ya kopo, ile inayopakwa Januari, inashika kwa kuwa chembe mpya zenye ncha zinachoma ndani yake kidogo kila unapokanyaga. Chembe za machipuko zilizokwisha kuwa duara hazichomi kitu. Ndiyo maana watu wanahamia klista, nta laini yenye kunata inayotoka kwenye tyubu kama dawa ya meno. Ya bluu ni ya barafu na theluji iliyoganda, nyekundu ni ya theluji yenye maji, zambarau ikiwa katikati. Mtu aliyeichagua vizuri, akaipaka nyembamba ndani ya chumba chenye joto, akaacha ski zipoe nje kabla ya kuziweka thelujini, atakupita asubuhi kwenye barafu kama hakuna kilima. Sijaona kinachoshika kuliko klista siku iliyopata rangi yake.

Lakini siku za Pasaka zinabadilika katikati. Ukianza na bluu saa mbili asubuhi, saa sita haishiki tena. Ukikutana na theluji mpya iliyoanguka juu ya ile ya zamani, klista inaizoa, na ghafla unatembea juu ya mabonge. Inazoa pia sindano za misonobari na magome. Inahamia kwenye glavu, kwenye begi, kwenye nywele za mtoto, kwenye kiti cha gari la mwenyeji wako, na haitoki kwa maji. Inataka dawa yake maalumu na kitambaa na subira. Tena ni tabaka nene, kwa hiyo ski ya klista inafaa iwe na upinde ulioinuka zaidi kidogo ili klista isiburutike. Wanorwei wanaoipenda wana jozi maalumu kwa ajili hiyo, na wamejifunza tangu utotoni kwa kumwangalia baba akihangaika barazani. Wewe una watoto wawili wa kuwavalisha na kuwafuta kamasi kabla ya kutoka. Mwaka huu mwangalie mwenzako akipaka, muulize maswali yote, ujifunze. Kununua subiri.

Yule kijana wa dukani ndiye aliyekupa jibu, ingawa ulimpa namba isiyo ya kweli. Ski za ukanda wa manyoya, utaziona zimeandikwa felleski, zina ukanda uliobandikwa chini ya katikati. Ukanda huo kwa kawaida ni mohea, nywele za mbuzi wa Angora, au mohea iliyochanganywa na nailoni. Nywele zimelala zikielekea nyuma. Ukienda mbele zinalala, ukikanyaga zinasimama na kushika. Hazijali sana chembe ni za ncha au za duara, na kwenye njia iliyoganda asubuhi zinashika pale magamba yanaposhindwa. Mchana kwenye theluji yenye maji zinaweza kuteleza kidogo kwenye vilima vikali, na kwenye mteremko hazikimbii kama za nta. Hasara hizo mwanafunzi anaweza kuzibeba. Tena mteremko usiokimbia sana ni neema kwa mtu aliyeanza juzi.

Zina adui mmoja umjue: joto la sifuri pamoja na theluji mpya, au kutoka kwenye jua na kuingia kwenye kivuli cha msitu. Manyoya yaliyolowa yanaganda na kubeba theluji. Kuna maji maalumu ya kupaka manyoya ili yasinywe unyevu. Yapake usiku uliotangulia yakauke. Kisha asubuhi usizitoe ski chumbani zikiwa na joto na kuziweka moja kwa moja kwenye theluji. Zitoe nje, uzisimamishe ukutani, rudi ndani umalize chai. Zikishapoa ndipo uvae. Watu wengi wanaolaumu ski za manyoya kwamba zimewagandia, kosa lao ni hilo tu.

Ncha na mkia navyo vinahitaji nta, ya kuteleza, si ya kushika. Machipuko maji ni mengi chini ya ski na yanaifyonza ski ishike chini, ndiyo ile hali uliyoniambia ya ski kuvuta. Nta ya maji ya joto la juu ya sifuri, inayopakwa kwa sifongo, inatosha kwa safari zako. Sehemu ya manyoya usiiguse kabisa kwa nta hiyo. Ukikuta stoo ya mwenyeji kuna kichupa cha zamani cha nta yenye florini, kiache. Kemikali zake hazitoki mwilini upesi wala kwenye udongo, na Shirikisho la Kimataifa la Ski limeipiga marufuku kwenye mashindano yake tangu msimu wa 2023/24. Theluji ya mwezi huu pia ni chafu, ina chavua na vumbi na mafuta ya mashine, kwa hiyo jioni futa ski zako kabla uchafu haujakauka.

Watoto sasa. Wao wachukulie ski za magamba, bila kusita. Uzito wa mtoto unabadilika mwaka hadi mwaka, na ukimnunulia ya manyoya iliyopimwa kwa kilo za leo, majira yajayo imekwisha kuwa laini. Magamba hayahitaji kupakwa kitu pale katikati, yanashika vizuri sana kwenye theluji laini ya kuanzia saa nne, na mtoto haendi mbali asubuhi ya barafu. Urefu uzidi wa mtoto kwa sentimita 5 hadi 15. Huyu wa miaka saba bakia karibu na 5, maana ski fupi inamtii. Wa kumi na mmoja mpe nafasi zaidi, ila usimwachie akue ndani yake kama tunavyofanya na sare za shule. Ski ndefu mno inamwangusha na kumkatisha tamaa, na mtoto aliyekata tamaa kilomita tatu kutoka kibandani utambeba mgongoni.

Tena watoto usiwanunulie kabisa. Kuna mtandao wa vituo vinavyoitwa BUA, ambako familia zinaazima vifaa vya michezo na vya nje bure: ski, viatu, fimbo, hata pulka, sleji ya kumvuta mtoto aliyechoka. Hapo hapo uulize na za kwako. Nakushauri mwaka huu ukodi au uazime hizo za manyoya zilizopimwa kwa kilo zako za kweli. Ukirudi kutoka Sjusjøen utajua kama unazipenda, na mwishoni mwa Aprili maduka yanaziuza kwa bei ya kushuka. Hapo ndipo mume wako atafute punguzo.

Sjusjøen iko juu kuliko Hamar, mita 800 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo huko theluji inakaa muda mrefu zaidi na usiku ni mkali zaidi. Kila jioni angalia utabiri wa hali ya hewa kwenye tovuti ya Yr. Usiku wenye anga safi unapoteza joto na theluji inaganda sana. Kesho yake usitoke kabla jua halijailegeza, la sivyo utateremka kwenye barafu na ski hazitakusikiliza. Usiku wa mawingu haugandishi vizuri, na njia italowa mapema. Siku hiyo wahini. Mteremko ukikutisha, vua ski, utembee pembeni, nje ya mifereji ili usiivunje kwa wengine. Wenyeji wanafanya hivyo.

Miwani ya jua ni lazima kwa wote wanne. Ngozi yetu nyeusi hailindi macho. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na mtoto asiye na miwani anaweza kulala usiku akilia kwa maumivu ya macho. Paka mafuta ya kuzuia jua hadi chini ya kidevu na puani kwa ndani, maana miale inatoka chini.

Na ziko kanuni tisa za mlimani ambazo kila Mnorwei anazijua. Zilienezwa nchi nzima baada ya Pasaka ya 1967, watu wengi walipokufa milimani, na zikaandikwa upya mwaka 2016. Utazikuta zimechapwa ndani ya karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj ambayo mwenyeji wako hakika atakuwa nayo begini. Wasomee watoto. Iliyo kubwa kwangu ni ile inayosema kwamba kugeuza njia na kurudi mapema si aibu. Pasaka mlimani hali ya hewa inageuka ndani ya saa moja, na mgeni anayeona haya kusema "turudi" anahatarisha wote.

Haya yako ndiyo ninayotaka uiache Hamar, mwanangu, ile ya dukani na ile ya mbele ya watoto wa chekechea. Philip Boit alikuwa mkimbiaji kutoka Kenya aliyepelekwa Finland kujifunza ski akiwa mtu mzima. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, alishiriki kilomita 10 na kufika wa mwisho, wa 92. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, hakuondoka. Alimsubiri mstarini akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mtaje Boit mezani kibandani jioni ya kwanza uone mazungumzo yatakavyonoga. Hapa mtu mzima anayejifunza ski anaheshimiwa, na wale watoto waliokupungia mkono walikuwa wanakusalimia.

Neno la mwisho ni la kalenda. Nchini Norway, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumapili ya Pasaka na Jumatatu yake ni sikukuu, na maduka mengi ya vifaa yanafungwa. Vituo vya kuazima vinaishiwa saizi za watoto mapema kuliko hapo. Nenda wiki hii, na viatu mkononi, na useme kilo zako.